Bwana Msa na Siku ya Mwaka: Kuirudia *Mzimu wa Watu wa Kale* katika Bonde la Kilombero

Wapenzi wa mifululizo ya zamani ya wapelelezi katika televisheni, huko Uingereza na Marekani, wana desturi ya kukirudia kipindi cha tamasha. Aghalabu mfululizo haukosi kimoja cha namna hiyo: mji mzima umo katika sherehe, watu wamevaa vinyago, muziki unapigwa, mara katikati ya vicheko huonekana maiti. Wanaokirudia baada ya miaka thalathini hawakirudii ili wamjue muuaji, kwani wamekwisha kumjua tangu ujana wao. Hukirudia ili watazame tena vipi mtu mmoja mtulivu anavyopita baina ya watu wanaojificha, akawavua vinyago mmoja baada ya mmoja. Na katika kukirudia huko huweza kuonekana jambo ambalo mara ya kwanza halikuonekana: kwamba sherehe ile, iliyodhaniwa kuwa ni pambo tu la hadithi, nayo ilikuwa na kazi yake, na kwamba mpelelezi alipoimaliza kazi yake aliikatiza ile ya sherehe.

Kwa Waswahili walio wengi mpelelezi hakuja kwa televisheni. Unguja ilianza kurusha picha za rangi mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo mtu wa Ifakara, wa Michenga au wa Mahenge aliyetaka kumfuata mpelelezi alimfuata kitabuni. Alikuwako katika *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965). Alikuwako kwa jina la Willy Gamba, mtu wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* (1974). Na alikuwako kwa jina la Joram Kiango katika vitabu vya Ben Mtobwa. Vitabu hivyo huingia mfukoni, na msomaji wa bonde la Kilombero ana pahala pawili pazuri pa kuvisomea: behewa la TAZARA, reli iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 na ambayo inapita Ifakara, na dungu la shambani, ambako watu huhamia msimu wa mpunga wakilinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe. Lakini kabla ya Gamba na Kiango alikuwako mkubwa wao, na huyo ndiye anayestahiki kurudiwa kwanza: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo yake, mwaka 1938, aliajiriwa na Idara ya Afya akiwa mkaguzi, yaani bwana afya, akaifanya kazi hiyo kiasi cha miaka kumi. Kisha akaingia katika magazeti. Alikuwa mhariri wa *Zanzibari*, na tangu 1958 hata alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa *Mkulima*, gazeti la mambo ya kilimo. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Zikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Juu ya deni la mwandishi huyu kwa Sherlock Holmes yamekwisha kusemwa mengi: kiko kinywani, utulivu wa mwenye kiko, Najum rafiki anayeshangaa kwa niaba ya msomaji, na Inspekta Seif, mtu wa serikali ambaye hufika akiwa nyuma kidogo. Deni hilo ni la kweli na halina haja ya kuhesabiwa tena. Lenye haja ya kutazamwa ni lile neno la mwanzo kabisa katika maisha ya mwandishi, nalo ni Makunduchi.

Makunduchi ndiko kunakofanywa Mwaka Kogwa, sherehe ya Siku ya Mwaka ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Wanaume wa upande mmoja hupambana na wa upande wa pili kwa mabua ya migomba. Wanawake, wamevaa kanga na nguo zao bora, hupita wakiimba. Kibanda cha makuti hujengwa, mtu akaingia ndani, kibanda kikatiwa moto, naye akachopoka akakimbia. Na moshi wake huangaliwa unaelekea wapi. Baadaye watu hula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo hujiona imepungukiwa. Wenyewe husema kwamba mapigano yale ni ya kutoa vinyongo vya mwaka unaokwisha, ili mwaka mpya uingiwe na nyoyo safi.

Maelezo haya ya wenyewe yachukuliwe kwa uzito wake. Watu wawili waliokosana mwaka mzima, juu ya mpaka wa shamba au juu ya neno lililosemwa arusini, hupata saa chache za kupigana mbele ya watu wote. Hakuna shahidi anayeitwa. Hakuna anayeulizwa nani alianza, wala nani alikuwa na haki. Mabua ya migomba hayavunji mfupa, na yakimalizika kupigwa suala la nani mkosa huachwa pale pale uwanjani. Haisemwi kwamba mkosa hayuko. Yuko, na pengine kila mtu anamjua. Inasemwa kwamba leo hatatajwa, kwa sababu kesho atakuwa jirani vile vile. Mwanafikra wa Kirusi Mikhail Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Rabelais kilichotoka 1965, alieleza kwamba katika kanivali ya Ulaya ya zamani hapakuwa na watazamaji. Kila mtu alikuwa mshiriki. Mwaka Kogwa ni sherehe ya jinsi hiyo. Mpelelezi, kwa upande wake, ni mtu ambaye kazi yake yote ni kutazama, na akishiriki tu hawezi tena kupeleleza.

Sasa na ifunguliwe tena ile riwaya ya 1960. Mwenye shamba, Bwana Ali, anakutwa maiti, na pahala alipokutwa ni kwenye mzimu. Kiswahili kina hila yake katika neno hili, kwani mzimu ni roho ya waliotangulia, na mzimu ni pahala pale pale inapoombwa: pango, jiwe, mti wa kale au gofu. Kusini ya Unguja mizimu ina wavyale wake, wenye haki ya kuingia na kusema nayo. Mtoto wa Makunduchi hakuhitaji kusoma kitabu ili aijue hofu ya pahala kama hapo. Alipokuwa mtu mzima akapachagua pawe pahala pa kuulia, alijua anafanya nini: aliitwaa sehemu ambayo desturi huijia kwa ubani na maneno ya unyenyekevu, akaiingiza ndani yake mtu wa kuja kupima nyayo.

Watu wa hadithi, na msomaji pamoja nao, wana jibu tayari kabla ya uchunguzi kuanza, kwamba watu wa kale wamekasirika. Bwana Msa halikubali jibu hilo, na namna anavyolikataa ndiyo uzuri wa kitabu. Hawakejeli wanaoogopa. Hasimami kuhutubu kwamba mizimu haipo. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani alipata nini, nani alimwogopa nani; na kadiri maswali yanavyoongezeka, mzimu unazidi kuonekana kuwa ni kinyago ambacho binadamu mmoja amekivaa kwa muda ili afanye jambo lake. Hapa ndipo Bwana Msa anapokutana na wenzake wa televisheni katika kipindi cha tamasha. Tofauti ni kwamba vinyago vya kule ni vya karatasi, huvaliwa jioni moja, na kinyago cha hapa ni imani ya watu, ambayo mtu huvaa tangu kuzaliwa bila ya kujua kwamba ameivaa.

Wapi mwandishi alijifunza kutazama namna hiyo? Conan Doyle alimpa umbo la hadithi. Macho yenyewe, inawezekana sana, aliyapata katika Idara ya Afya. Kazi ya bwana afya ni kuingia katika nyumba za watu wasiomwalika, kuinua kifuniko cha mtungi, kuchungulia kisima, kuuliza taka zinatupwa wapi. Familia inapolia kwamba mtoto wao amechukuliwa na shetani, yeye anatafuta viluwiluwi vya mbu katika maji yaliyotuama. Kazi hiyo haina ujasiri wa bastola kama ya Willy Gamba. Inataka subira, adabu ya mlangoni, na ukaidi wa kutokubali sababu kubwa pale sababu ndogo inapotosha. Sifa hizo tatu ndizo sifa za Bwana Msa. Kiswahili chake nacho ni cha mtu aliyezoea kukaa vibarazani mwa watu, kwani mazungumzo ni marefu, mzaha uko karibu, na mara nyingi siri hutoka katika neno ambalo msemaji alilisema ili achekeshe.

Sifa hii ya bwana afya ndiyo inayomfanya Bwana Msa awe na la kusema katika bonde la Kilombero, bonde la mpunga na maji yaliyotuama, na kwa hiyo bonde la mbu. Mwaka 1957, mwaka ambao mashindano yale ya hadithi yalianza, Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha Ifakara maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kazi ya maabara ile kwa miaka mingi imekuwa upelelezi: damu ichukuliwe, iwekwe chini ya hadubini, muuaji atafutwe humo. Na muuaji amepatikana mara nyingi. Mradi wa KINET, ulioanza 1997 kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa 2001 kwamba kutumia vyandarua hivyo kuliongeza kusalimika kwa watoto wa mwezi mmoja hata miaka minne kwa asilimia 27. Upelelezi unapomtaja mbu, hakuna jirani anayechomewa nyumba.

Lakini hadithi ya bonde haikuishia hapo, na hapa msomaji wa Bwana Msa hana budi kukaa vizuri. Utafiti wa Susanna Hausmann Muela na wenzake, uliofanywa Ifakara na kuchapishwa 1998, ulikuta watu ambao hawakuikataa hadubini hata kidogo. Waliikubali, kisha wakaendelea mbele. Mgonjwa ana homa, hospitali inasema damu haina vimelea: basi, walisema, kuna mtu ameificha malaria ili kipimo kisiione. Au amepewa dawa na haponi: basi ile haikuwa malaria ya kweli, ni ya bandia iliyotumwa na mkono wa mtu. Anayedhani kwamba huku ni kutofikiri naafungue tena riwaya yoyote ya upelelezi. Dalili isipoonekana pahala ilipopaswa kuonekana, mpelelezi hasemi kwamba hakuna kitu. Husema kwamba kuna aliyeifuta. Hoja ya Ifakara na hoja ya Bwana Msa zina mifupa mimoja. Zote mbili haziwezi kuvumilia msiba usio na mtu nyuma yake.

Hili linapoonekana, kitabu kile hakisomeki tena kama kilivyosomeka mara ya kwanza. Kwa miaka mingi Bwana Msa amesifiwa kuwa ni mtu wa akili dhidi ya ushirikina, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo umbo la hadithi yake linafanana mno na umbo la kazi ya mpiga ramli: kuna msiba, kuna shuku, anaitwa mtu mwenye maarifa kutoka nje, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, na mwishoni, mbele ya watu waliokusanyika, analitaja jina. Mshairi W. H. Auden, katika makala yake ya 1948 juu ya riwaya za upelelezi, alieleza kwamba msomaji wa hadithi hizi hupata faraja kwa sababu hatia iliyokuwa imeenea juu ya watu wote hukusanywa na kutuliwa juu ya kichwa cha mmoja. Wengine hurudi kuwa safi. Auden aliyaandika hayo akifikiria vijiji vya Uingereza. Anayeyasoma akiwa katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa sababu ya jina lililotajwa na mpiga ramli hawezi kuyasoma kwa faraja. Simeon Mesaki ameandika kwa upana juu ya mauaji ya namna hiyo Usukumani. Hapo hatia ilikusanywa ikatuliwa juu ya kichwa cha mmoja, na wengine walirudi majumbani kwao wakijiona wasafi.

Bonde la Kilombero lilikuwa na njia nyingine, na njia hiyo ina undugu na Mwaka Kogwa kuliko na Bwana Msa. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu wa bonde, na wengine kutoka mbali, walikuwa wakisafiri hadi Ihowanja, katika iliyokuwa wilaya ya Ulanga, kwa mganga Bibi Kalembwana, wanyolewe. Aliyetoka upande wa Ifakara aliuvuka mto kwa kivuko, kwani daraja la Kilombero halikuzinduliwa mpaka 2018. Maia Green, mwanaanthropolojia aliyeishi Ulanga, ameieleza safari hiyo. Anayeshukiwa uchawi hakwenda peke yake. Alikwenda pamoja na anayemshuku na jamaa wa pande zote mbili. Wakifika, hunyolewa nywele na hupewa dawa. Hunyolewa mshukiwa, na hunyolewa mshuku pia. Dawa ile, iliaminika, itamwondolea uchawi aliyekuwa nao, na itamdhuru akiurudia. Asiyekuwa nao haimdhuru. Kisha hurudi kijijini pamoja, vichwa vyeupe vyote, na hakuna aliyeambiwa nani alikuwa mchawi.

Mtu anaweza kusema kwamba huko ni kuikwepa sheria, kwa kuwa sheria ya uchawi iliyowekwa na Waingereza Tanganyika mwaka 1928, na ambayo imerithiwa, inamtia hatiani hata anayemwita mwenziwe mchawi. Ni kweli kwamba kutotaja jina kulifaa mbele ya sheria. Lakini faida yake haikuwa hiyo peke yake. Kilichoondolewa Ihowanja kilikuwa shuku yenyewe, na shuku hukaa kwa watu wawili. Mshuku alitakiwa aweke kichwa chake chini ya wembe ule ule. Katika makala ya Green na Mesaki ya 2005 inaonekana pia vipi jambo hili lilivyozoeleka hata likafananishwa na kwenda saluni. Na mzaha huo una maana, kwa sababu mtu haoni aibu ya siku zote kwa kuwa amekwenda saluni. Nywele huota. Baada ya miezi michache kichwa kilichonyolewa hakitofautiki na kingine.

Basi kuna njia mbili za kuuponya mji uliougua shuku. Moja ni ya sherehe, nayo inajumuisha: wote wapigane kwa mabua, wote wanyolewe, suala la nani liachwe. Nyingine ni ya mpelelezi, nayo inatenga: suala la nani lijibiwe, na aliyejibiwa aondoke. Muhammed Said Abdulla alizaliwa katika ya kwanza akaitumikia ya pili. Je, alichagua sawasawa?

Anayemtetea ana hoja nzito. Bwana Ali amekufa kwa mkono wa binadamu. Lau watu wa shamba lile wangalikwenda wote kunyolewa, muuaji angalinyolewa pamoja nao, akarudi nyumbani na kichwa cheupe na alichokitafuta mkononi. Sherehe inafaa sana pale ambapo kosa ni kinyongo. Pale ambapo kosa ni wosia ulioibwa au sumu iliyotiwa chakulani, kutotaja jina ni zawadi kwa mwenye nguvu. Tena kuna jambo la pili, zito kuliko hilo. Mzimu unaposhitakiwa, mashitaka hayakai juu ya mzimu kwa muda mrefu, kwa kuwa mzimu hauna shingo. Huteremka polepole mpaka yapate mtu wa kumsimamia: mjane anayeishi peke yake, mgeni aliyehamia juzi, mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko. Bwana Msa kwa kukataa tangu mwanzo kwamba mzimu umeua anaukata mteremko huo juu kabisa. Na tofauti yake na mpiga ramli iko hapo: jina analolitaja linakuja na sababu zake, zimepangwa mbele ya wote, na anayetaka kuzipinga anaweza. Ramli haijibishwi. Ushahidi unajibishwa.

Anayempinga naye ana hoja, na hoja yake inaanzia pale kitabu kinapokwisha. Vitabu vya Bwana Msa hupenda siri za nyumbani, za nasaba, za ndoa na za mali, na kila siri inayofumbuliwa huwa imefukuliwa kutoka chini ya maisha ya watu ambao hawakuua mtu. Ili muuaji mmoja avuliwe kinyago, vinyago vya wengi huvuliwa njiani. Nani alizaa na nani, nani alimdanganya nani, nani si mwana wa anayemwita baba: yote hutoka nje, na mpelelezi akishamkabidhi mkosa kwa Inspekta Seif huwasha kiko akaondoka. Hadithi humfuata yeye. Haibaki shambani kuona vipi ndugu wawili waliosikia hayo mbele ya watu watakula sinia moja jioni ile. Msomaji wa kwanza hakuliona pengo hili kwa kuwa alikuwa mbioni kumjua muuaji. Msomaji anayerudia, ambaye muuaji anamjua tayari, analiona mara moja. Na msomaji wa Michenga, ambako mtu analima jirani na shemeji yake na dungu la mmoja linaonekana kutoka dungu la mwenziwe, hulihisi pengo hilo kuwa ndilo jambo lenyewe.

Lingekuwa kosa kumlaumu mwandishi kwa kuwa hakuandika riwaya nyingine. Umbo alilolichagua lina mwisho wake, na mwisho huo ni jina. Lakini hakulikosa suala hili kabisa. Katika kitabu cha pili jina alilolichagua ni Giningi, pahala ambapo katika masimulizi ya visiwa hivi wachawi hukutania, yaani kanivali ya usiku, ambamo jirani wa mchana huonekana katika sura nyingine. Na katika kitabu cha 1984, miaka ishirini na nne baada ya ushindi wa kwanza, neno alilolitanguliza mbele ya jina la shujaa wake ni *kosa*. Mwandishi ambaye hakuwa na shaka yoyote juu ya mpelelezi wake asingalimpa jalada kama hilo. Mpiga ramli hana kitabu chenye jina la namna hiyo, wala hawezi kuwa nacho. Bwana Msa anaweza kukosea na kosa likaandikwa, na uwezo huo wa kukosea hadharani ndio uliomfanya awe mtu wa kuaminika kuliko kiko chake chote.

Basi anayeirudia *Mzimu wa Watu wa Kale* leo asiirudie kwa ajili ya kushangilia tu akili inavyoishinda hofu. Ushangiliaji huo ulikuwa na wakati wake, nao ulikuwa wakati mzuri: mwaka 1960, nchi zikijitayarisha kujitawala, lilikuwa jambo kubwa kwa Mswahili mwenye kanzu na kiko kusimama mbele ya pango la wazee akasema kwamba aliyeua hapa ana miguu miwili. Leo kitabu kinaweza kubeba zaidi. Mwalimu anayekisomesha Ifakara, au Makunduchi penyewe, anaweza kuwaachia wanafunzi ukurasa wa mwisho ukiwa umefunguliwa, akawauliza: Jina limekwisha kutajwa, Inspekta ameondoka na mtu wake, kumekuchwa. Nani leo atapika katika nyumba hii? Nani atamwita nani aje kula?

Wanafunzi wa Makunduchi watakumbuka kwamba Siku ya Mwaka, baada ya mabua na moto, nyumba hutafuta mgeni. Wanafunzi wa bonde pengine watakumbuka babu au bibi aliyewahi kurudi kutoka Ihowanja akiwa amekaa katika kivuko bega kwa bega na mtu aliyemshitaki. Na baadhi yao watasema, kwa haki kabisa, kwamba hawatakula na muuaji hata siku moja, na kwamba ni afadhali ajulikane. Mjadala huo haumo katika kitabu. Bila ya kitabu, hata hivyo, haungelianza, kwa sababu Bwana Msa ndiye aliyewaonyesha kwamba jina linaweza kutafutwa kwa sababu zinazoonekana; na sasa ni juu yao kusema likishapatikana lifanywe nini.